Nyumba ya mawe, mfuko mtupu: hesabu ya SHA inavyotukisia

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilikaa barazani na wazee wa mtaa. Kahawa chungu ilikuwa ikizunguka na kashata zake. Mazungumzo yakaanzia bei ya papa, yakapitia kwa wanasiasa, yakatua kwenye SHA. Mzee mmoja, nahodha mstaafu ambaye sote twamwita Ami, akanigeukia.

"Wewe mwanangu ndiye mwenye kuandikaandika. Hebu nambie. Simu imeniuliza paa langu ni la nini, choo changu ni cha aina gani, napikia nini. Kisha ikanipa kiasi cha kulipa. Kilichomo mfukoni mwangu imekijuaje?"

Nikamjibu upesi, "Haikijui, Ami. Inakikisia."

Baraza zima likacheka. Lakini nilipofika nyumbani jibu lile lilinikaa kichwani, kwa sababu lina ukweli zaidi ya nilivyokusudia. Mamilioni ya Wakenya wasiokuwa na hati ya mshahara wanapangiwa mchango wa afya kwa kukisiwa. Kukisia huko kuna jina, kuna kanuni zake, na kuna mahali ambapo hufaa na mahali ambapo hupotea njia. Leo sitaki kubishana kama SHA ni nzuri au mbaya. Hilo wengine wameliandika sana. Nataka tuitazame hiyo hesabu, na hususan inavyotugusa sisi watu wa Pwani.

Tulikotoka

Bima ya zamani, NHIF, ilianza mwaka 1966. Katika miaka yake ya mwisho, mtu aliyejiajiri alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Tajiri mwenye maduka matatu Mombasa alilipa 500, na baharia anayepewa fungu lake baada ya mashua kurudi alilipa 500. Tuseme ukweli, hiyo nayo haikuwa haki.

Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Kanuni yake, ukiitazama kwa karatasi, ni ya uadilifu: kila kaya ichangie asilimia 2.75 ya kipato chake, na kima cha chini kiwe shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye nacho atoe zaidi, asiyenacho atoe kidogo, na asiyejiweza kabisa alipiwe na serikali.

Kwa mwenye mshahara hakuna kitendawili. Mwajiri anajua mshahara, anakata, anapeleka. Lakini kipato cha mvuvi ni shilingi ngapi? Cha mama wa mahamri? Cha kijana wa bodaboda? Wao wenyewe pengine hawajui, maana leo ni 1,500 na kesho ni sifuri. Tena ukiwauliza, wapo watakaopunguza, kwa sababu binadamu akijua jibu lake litamtoza pesa hujitazama kwa jicho la huruma.

Ndipo ikaletwa njia ya kupima uwezo kwa dalili. Unaulizwa mambo yanayoonekana: kuta za nyumba, paa, sakafu, choo, maji yatoka wapi, taa ni ya umeme au ya nini, wapikia kuni, makaa au gesi, mko watu wangapi, mna mifugo. Majibu yanaingia kwenye fomula, inatoka makadirio ya kipato, na makadirio hayo ndiyo yanayozaa mchango. Na asiye na mshahara hutakiwa alipe wa mwaka mzima.

Hesabu yenyewe ni kitu gani

Wataalamu huiita rigresheni. Jina ni zito, jambo lenyewe si zito. Unachukua kaya elfu kadhaa ambazo zimehojiwa kwa kina. Hizo unajua dalili zake na unajua matumizi au kipato chake. Kisha unaipa kompyuta kazi: nitafutie uzito wa kila dalili, ili nikizijumlisha nikaribie kipato cha kweli. Ukuta wa mawe huenda ukaongeza kiasi fulani, choo cha shimo kikapunguza, gesi ikaongeza, kila mtoto akapunguza kidogo. Uzito huo ukishapatikana, unaweza kwenda kwa kaya ambayo hukuihoji kwa kina, ukauliza dalili peke yake, na fomula ikakujazia kipato.

Hapo pa mwisho ndipo penye nyama yote ya makala haya. Fomula imejifunza kwa watu fulani, sasa inatumiwa kwa watu wengine. Wanaohusika na takwimu huita hilo kukisia nje ya sampuli. Na swali kubwa ni moja: wale wengine wanafanana na wale wa kwanza?

Mimi nilijifunza jambo hili kwa kuumbuka. Nilipokuwa nasomea diploma, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, tulitakiwa kufanya mradi wa takwimu. Nikaenda diko moja la samaki, na kuanzia Disemba hadi Machi nikawa naandika mashua ngapi zimetoka na kilo ngapi zimeshuka. Nikachora mstari wangu. Nukta zikakaa karibu na mstari kama waumini kwenye safu. Nikatia na mbwembwe: kwa mstari huu, nikaandika, naweza kusema mwezi wa Juni diko hili litapata kilo kadhaa kwa siku.

Mwalimu akasoma, akavua miwani. "Umewahi kwenda diko mwezi wa Juni?"

Juni ilipofika nikaenda. Kusi lilikuwa limechachamaa. Mashua nyingi zilikuwa zimepandishwa mchangani, na zilizotoka hazikuvuka mwamba. Nilichokisia kilizidi mara mbili ya kilichoshushwa. Mstari wangu haukuwa mbovu kwa kaskazi, ila niliuuliza habari za kusi, jambo ambalo haukuwahi kuliona.

Mwalimu akaniongezea somo la pili ambalo sijalisahau. Akasema: ukitaka kuijua hesabu yako kama ni kweli, usiipime kwa siku zilezile ulizoijengea, kwa sababu hapo ni kama mwanafunzi anayeletewa mtihani alioukariri. Ficha sehemu ya daftari. Jengea iliyobaki, kisha kisia ile iliyofichwa, ndipo ufunue ulinganishe. Lakini, akasema, na hata hivyo uwe na tahadhari. Ukificha Machi ukaikisia kwa Disemba, Januari na Februari, utafaulu, kwa sababu zote ni kaskazi. Kufaulu kwa Machi hakukupi idhini ya kusema habari za Juni.

Sampuli yetu ina nani ndani yake

Sasa tulete somo hilo kwenye kaya zetu. Utafiti mkubwa wa bajeti za kaya uliofanywa nchini mwaka 2015/16 ulilenga kaya 24,000. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya zipatazo milioni 12.1. Ukigawa, kaya moja iliyohojiwa inasimama badala ya kaya mia tano hivi. Hilo peke yake si kosa. Sampuli nzuri ni kama kijiko cha mchuzi: huhitaji kunywa sufuria nzima ili ujue chumvi imekolea, ilimradi umekoroga.

Lakini 24,000 ukizigawa kwa kaunti 47, ni wastani wa kama kaya mia tano tu kwa kila kaunti. Chukua Lamu. Sensa hiyo ilihesabu watu 143,920. Ndani ya Lamu moja kuna mkulima wa Mpeketoni, kuna mvuvi wa Kizingitini, kuna mfugaji wa bara, na kuna mama wa Mji wa Kale anayesuka kofia. Hawa hawaishi maisha mamoja. Ukizigawanya tena hizo mia tano, kila kundi linabaki na vijumba vya kuhesabu kwa vidole. Na fomula ya taifa, ikiwa ni moja kwa wote au ina tofauti ndogo tu kati ya mjini na mashambani, itakuwa imejifunza zaidi kutoka kule kwenye watu wengi, nako si visiwani kwetu.

Kwa hivyo yako mambo ya Pwani ambayo fomula iliyojifunzia kwingine inaweza kuyasoma kinyume.

La kwanza, nyumba ya mawe. Katika sehemu nyingi za Kenya ukuta wa mawe ni dalili kwamba mtu amepata pesa akajenga. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ukuta wa mawe ni dalili kwamba babu wa babu yako alipata pesa. Nyumba hizo zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti karne zilizopita. Anayeishi ndani leo huenda ni mjane anayeuza sambusa. Nyumba haiwezi kumlisha, kuitengeneza ni gharama, na kuibadilisha apendavyo hawezi kwa kuwa ni ya urithi. Aidha, mara nyingi ni mirathi ambayo haijagawanywa: ina warithi kumi na wawili, mmoja Mombasa, wawili Jeddah, na yeye amebaki mlinzi wa milango. Nyingine ni wakfu. Simu ikimuuliza ukuta ni wa nini, akisema kweli atasema mawe.

La pili, nyumba bila ardhi. Mwenzetu wa bara akisikia una nyumba yako mwenyewe Majengo, atadhani una kiwanja. Sisi twajua kwamba Mombasa mtu anaweza kumiliki kuta na paa huku akilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Nyumba ni yake, chini si pake, na siku yoyote anaweza kupewa notisi. Je, fomula ina kisanduku cha hilo, au inaona "mwenye nyumba" ikapandisha kiwango?

La tatu, msimu. Kaya ya mvuvi ni kaya mbili ndani ya mwaka mmoja. Wakati wa kaskazi kuna nyama na watoto wanapata viatu. Wakati wa kusi dukani kuna daftari la mkopo. Ikiwa kaya za wavuvi kwenye utafiti zilihojiwa zaidi msimu mmoja, ndilo kosa langu la diploma limerudiwa, safari hii kwa gharama ya watu.

La nne, mifugo. Huko Tana River mfugaji anaweza kuwa na ng'ombe ishirini na asiwe na shilingi mia tano za kumpeleka mtoto zahanati. Ng'ombe ni akiba yake. Ukame ukija ishirini wanakuwa watatu, na jibu alilotoa kwenye simu mwaka uliopita bado linasema ishirini.

La tano, kaka aliye Gulf. Yako majiko ya gesi, mafriji na televisheni katika nyumba zetu ambazo hazikununuliwa kwa kipato cha nyumba hiyo. Zimeletwa na mtoto aliyeko Doha au Muscat. Mkataba wake ukiisha, friji linabaki, pesa hazipo. Dalili ni ya jana, mchango ni wa leo.

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sikusudii kusema kila mwenye nyumba ya mawe ni maskini. Wapo wenye nyumba za mawe na mapesa. Nasema dalili ileile ina maana tofauti mahali tofauti, na fomula haiwezi kulijua hilo mpaka ifundishwe kwa mifano ya hapa.

Kuvutwa katikati

Kuna udhaifu wa pili, na huu hauhusu Pwani peke yake. Ni tabia ya hesabu yenyewe.

Neno rigresheni lina maana ya kurudi. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alilinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao waliokwisha kukua. Akaona watoto wa wazazi warefu sana ni warefu, lakini si kama wazazi wao. Na wa wafupi sana ni wafupi, lakini si kama wazazi wao. Wote wanarudi kidogo kuelekea wastani. Jina likashika.

Hesabu ya kukisia kipato nayo huvuta watu katikati. Dalili za nyumba haziwezi kueleza yote yanayofanya kaya moja iwe na pesa na nyingine isiwe nazo. Katika hesabu za aina hii, mara nyingi dalili hueleza kama nusu tu ya tofauti baina ya kaya na kaya, wakati mwingine pungufu. Nusu nyingine ni maradhi, madeni, talaka, bahati, ulevi wa mume, mtoto aliyefukuzwa kazi; mambo ambayo paa haliyasemi. Pale fomula isipojua, hukimbilia wastani. Matokeo yake ni kwamba maskini wa chini kabisa huonekana ana zaidi ya alichonacho, na tajiri wa juu kabisa huonekana ana pungufu.

Tupige mfano, na namba hizi ni za kuelezea tu. Mvuvi anapata 9,000 kwa mwezi ukichukua wastani wa mwaka. Kwa kanuni ya asilimia 2.75 yeye ni mtu wa kima cha chini: 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Fomula ikimkisia kuwa na 24,000, ataambiwa 660 kwa mwezi, yaani 7,920 kwa mwaka, karibu pato lake la mwezi mzima. Mfanyabiashara anayepata 200,000 alipaswa kutoa 5,500 kwa mwezi. Fomula ikimwona wa 50,000, atatoa 1,375. Yule wa chini amebebeshwa, wa juu amepunguziwa, na sheria iliyotungwa ili mwenye nacho amsaidie asiyenacho imegeuzwa kichwa chini miguu juu bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya.

Na hapa hatuzungumzii kodi ya redio. Aliyekisiwa kupita uwezo wake hatalipa. Asipolipa hana bima. Asipokuwa na bima, siku mkewe akihitaji kupasuliwa itabidi iuzwe mashine ya mashua. Kosa la kwenye karatasi laishia wodini.

Sisi Waislamu tuna kipimo cha mali ambacho kila mmoja wetu anakifahamu, nacho ni nisabu. Katika zaka hutazamwa mali yenyewe, ifike kiwango, ipitiwe na mwaka mkononi mwako. Nyumba unayokaa haihesabiwi. Silinganishi sheria ya nchi na ibada. Kila moja ina mlango wake. Nakumbusha tu kwamba baina ya mali na dalili ya mali kuna masafa, na wanazuoni wetu wameijua tofauti hiyo zamani.

Basi tuitupe?

Hapana. Na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ni rahisi kupiga kelele na kupata makofi.

Njia mbadala ni zipi? Kutuma maafisa kaya kwa kaya, nchi nzima, wakakague vitabu ambavyo havipo? Kurudia 500 kwa wote, ili baharia na tajiri walipe sawa? Kumwacha kila mtu ajitajie kipato? Wala si Kenya iliyobuni njia hii. Chile ilianza kupima kaya kwa dalili mwaka 1980, na nchi nyingi zikafuata, hasa katika kugawa misaada.

Uchunguzi nao upo. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi sana, walifanya jaribio katika vijiji 640, yakachapishwa matokeo mwaka 2012. Baadhi ya vijiji vilitumia fomula kuchagua maskini, vingine wanakijiji walikaa kikao wakapanga wenyewe nani ni maskini zaidi, vingine vikachanganya. Kwa kipimo cha matumizi ya pesa, fomula ilifanya vizuri kidogo zaidi. Lakini wananchi waliridhika zaidi pale jamii ilipohusishwa, kwa sababu watu wana maana yao ya umaskini: mjane, mgonjwa, asiye na jamaa. Watafiti wengine waliojaribu fomula hizi kwa data za nchi tisa za Afrika walionyesha mwaka 2018 kwamba zinasaidia kuzuia wasiostahili kuingia, lakini huwaacha nje maskini wengi mno.

Na hapa kwetu, mpango wa HSNP wa kugawa pesa katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir ulitumia hesabu ya aina hii pamoja na maoni ya wanajamii wenyewe. Kwa hivyo kuchanganya si ndoto, kumefanyika Kenya hii hii.

Tudai nini

Naona madai manne, na yote ni ya watu wanaotaka mpango ufaulu.

Kwanza, tuonyeshwe kosa. Wakubwa huenda wakasema fomula haiwezi kuwekwa hadharani kwa sababu watu watajifunza majibu ya kudanganya. Haya, uficheni uzito wa kila swali. Lakini ukubwa wa kosa si siri ya kumsaidia mdanganyifu. Tuambiwe: katika kaya ambazo hazikutumiwa kuijenga, fomula imekosea kwa kiasi gani? Kati ya maskini wa kweli mia moja, wangapi inawaona si maskini? Anayeuza mizani sokoni hulazimika kuipeleka ikakaguliwe. Mizani hii inapima mamilioni.

Pili, ikaguliwe kaunti kwa kaunti, na kwa njia iliyo ngumu. Mwalimu wangu angesema hivi: itoeni Lamu nje kabisa. Ijengeni fomula kwa kaunti 46 zilizobaki, kisha ikisieni Lamu, ndipo mfunue majibu ya kweli ya Lamu mlinganishe. Mfanye hivyo kwa Tana River, Kwale, Kilifi, Taita Taveta na Mombasa. Kuchanganya kaya za nchi nzima na kuficha chache kwa bahati nasibu ni kule kuficha Machi na kujipongeza. Lamu ndiyo Juni yetu. Pakionekana kosa ni kubwa, suluhisho si kulaumu watu, ni kuongeza kaya za huku kwenye utafiti na kuongeza maswali yanayotuhusu: nyumba ni ya mirathi? Kiwanja ni chako? Msimu wa kusi mwaishi vipi?

Tatu, isiwe ya milele. Maisha yanabadilika kuliko kuta. Fomula iliyojengwa kwa data ya kabla ya bei za unga na mafuta kupanda nayo inakisia nje ya sampuli, safari hii nje ya wakati. Ipimwe upya kila baada ya muda unaojulikana.

Nne, na hili ndilo la karibu zaidi nasi, pawe na mlango wa kukata rufaa ulio karibu na watu, wenye binadamu ndani yake. Mzee wa mtaa, mhudumu wa afya ya jamii na imamu wanajua nani ana ukuta wa mawe na chungu kikavu. Wasipewe uamuzi wote, maana nao wana jamaa na maswahiba, lakini wasikilizwe.

Tena hili si ombi la hisani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Kuna vighairi, ikiwemo pale sheria nyingine inaporuhusu. Lakini uamuzi wa namna hiyo ukifanywa, mtu ana haki ya kujulishwa kwa maandishi na ya kuomba uangaliwe upya. Na Katiba yetu, kwa sadfa nzuri, nayo katika kifungu cha 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Vifungu viwili vyenye namba moja: kimoja cha kuuliza "mmenikisiaje?" na kingine cha kusema "niangalieni tena".

Nani avitumie? Wabunge wetu wa Pwani wanaweza kuuliza swali la kosa la fomula bungeni, swali moja, kwa maandishi. Mawaziri wa afya wa kaunti wanaweza kuomba takwimu za kaunti zao. Vijana wetu waliosoma takwimu vyuoni, nanyi mpo wengi mkingoja kazi, mnaweza kukaa na wavuvi mwaka mzima, kaskazi na kusi, mkaandika kipato cha kweli cha kaya mia moja, kwa idhini yao na kwa siri yao, kisha mkalinganisha na walichokisiwa. Karatasi moja ya namna hiyo itazungumza kuliko maandamano kumi.

Jana nimempitia Ami. Nikamweleza haya yote kwa ufupi, kuanzia mstari wangu wa diko mpaka kifungu cha 35. Akasikiliza huku akisuka kamba. Nilipomaliza akasema, "Mimi nimekisia bahari miaka arobaini. Nakisia upepo, nakisia mkondo. Si vibaya kukisia." Akanyamaza kidogo. "Lakini nahodha akikisia huwa yumo chomboni. Chombo kikigonga mwamba, naye huzama. Huyu aliyenikisia mimi, yuko chombo gani?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimempeleka kwa jirani mwenye kompyuta, tumeandika barua ya kuomba aangaliwe upya, ukurasa mmoja: nyumba ni ya mirathi, warithi ni wangapi, mapato ya kaskazi na ya kusi. Ametia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni akiwa mtoto. Kesho inapelekwa.